Sekunde za Kidole Changu

Jumamosi, 10 Mei
Alhamisi ni sikukuu ya San Isidro, na kiongozi wa bendi kanikatalia: bila barua ya daktari, sigusi ngoma kubwa. Mimi! Miaka arobaini na mmoja naipiga! Binti yangu Luning kampelekea umbea kwamba nakoroma hadi pumzi inakatika. Basi leo nalala hospitali, kibanio kidoleni. Pumzi ikikatika kisha ikarudi, wanahesabu sekunde ambazo damu mpya inachukua kutoka mapafuni hadi kufika kidoleni. Ikichelewa, moyo umechoka. Teryo wa matoazi, anayeitolea macho ngoma yangu, alipata sekunde kumi na tisa. Katangaza mpaka sokoni. Mpango wangu: kidole nikichue kwa mafuta na tangawizi, damu ije mbio.

Jumapili, 11 Mei
Balaa! Nilitoka mazoezini moja kwa moja, ngoma ndogo hawajanikataza, mikono inawaka. Nesi akaniambia ninawe yale mafuta. Ninawe? Mikono iliyochoka ikutane na maji, nipate ugonjwa wa pasma, nitetemeke maisha yangu yote? Nikamwambia mama yangu hakunilea hivyo. Nesi, naye ana mama, akanifunga kibanio hivyo hivyo. Kibanio kikateleza mara sita. Majibu hakuna. Luning kasema hajawahi kuona mzee mtundu kama mimi.

Jumanne, 13 Mei
Jana nilirudia kipimo. Mikono ilipumzika kutwa, nikanawa. Sekunde arobaini na tatu! Daktari kasema nianze dawa, ngoma niisahau mwaka huu. Nikamuuliza kama mashine yake inajua kuhesabu kweli. Marehemu Isidra wangu alijua. Pumzi yangu ikikatika, alihesabu kwa sauti. Akifika kumi, kiwiko cha mbavu! Nikizinduka ananiuliza nimetoka wapi. Asubuhi tunagombana juu ya kahawa na wali wa kukaanga. Jamani, asubuhi zile! Miaka mitano sasa hakuna anayenihesabia. Nililia palepale. Daktari kadhani nalilia ngoma.

Alhamisi, 15 Mei
Teryo kabeba ngoma yangu. Nikamvizia kwenye kona ya kanisa, nikampokonya fimbo, nikapiga vile Isidra alivyopenda. Raha iliyoje! Mapigo manane. La tisa sikulifikia. Nikajikuta nimekaa barabarani, Teryo ananipepea kwa kofia, machozi yanamtoka, mnafiki yule. Eti, mzee, usituache bwana, ngoma yenyewe nzito hii, mimi siiwezi.

Sasa niko wodini, kibanio kidoleni tena. Luning kalala kitini, kanishika mkono. Lakini kosa nimeligundua: kidole kiko mbali mno na mapafu, na mimi nina mikono mirefu. Kesho nawaambia kibanio wakiweke sikioni.