Mtu si Kisahani

Serikali ilitangaza kwa spika kubwa na zulia jekundu: saratani imeshindwa, na aliyeishinda ni mafuta ya mbegu. Watu wakapiga makofi hadi viganja vikawaka.

Mama Hadubini, yule wa maabara, hakupiga. Alikuwa kasimama nyuma ya zulia na kisahani chake mkononi, jasho linamtoka. Maana mafuta yalikuwa yake. Yaani kayakamua yeye, akatoa ile asidi iliyomo, akaidondoshea seli za saratani kwenye kisahani, nyingine zikafa. Basi, hapo ndipo alipofikia. Lakini mkubwa akishasikia "zikafa", wewe utamshika wapi?

Mkurugenzi Mkuu wa Ushindi dhidi ya Seli, cheo kipya hicho, kiti chenyewe bado kina nailoni, akainama kwenye hadubini.

"Naziona zinakimbia!"

"Hicho hakijatiwa mafuta, mheshimiwa. Hizo zinazaana."

"Zinazaana kwa woga."

"Mheshimiwa, humo hata sabuni ukimwaga zinakufa. Hiki ni kisahani. Mtu si kisahani."

"Mama, usituletee siasa kwenye sayansi."

Kesho yake, kwa busara kubwa, chumba cha dripu za dawa ya saratani hospitalini kikafungwa. Dripu za nini, na adui kashashindwa? Vitanda vikatolewa, mapipa ya mafuta yakaingia. Kila mgonjwa kijiko asubuhi, kijiko jioni, na akishameza atabasamu. Muuguzi mkuu akaagizwa asimpe mtu dripu, awe nani awe nani.

Sasa dada yake Mama Hadubini alikuwa katikati ya dozi ya dripu. Akawa anashinda benchi la nje, kilemba kichwani, nywele zilishakwenda zake.

"Mdogo wangu, haya mafuta yako bora ningepaka miguu."

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Wewe ulisema kisahani, wao wakasikia sinia."

Haukupita muda, mlango wa nyuma wa hospitali ukagongwa. Mkurugenzi huyo, kofia imeshuka hadi puani. Ana uvimbe shingoni, umepimwa, na majibu si mazuri. Anataka dripu, upesi, na kimyakimya.

Muuguzi mkuu, mtu wa kufuata agizo hadi nukta, akamkalisha benchini pembeni ya dada, akachota kijiko.

"Panua mdomo, mheshimiwa. Na tabasamu."

"Dripu, mama! Dripu!"

"Adui kashashindwa. Si ulisema mwenyewe?"

"Yale yalikuwa ya kisahani!" Mkurugenzi akaruka, mafuta yanamchuruzika kidevuni. "Mimi si kisahani!"

Dada akakaza kilemba, akamsogezea leso.

"Jifute, baba. Halafu ukalitangaze hilo. Spika zilezile."

Akalitangaza. Jua halijazama, mapipa yako nje, vitanda viko ndani. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni, akaita wa kwanza. Mkurugenzi akainuka, akatengeneza koti.

"Kaa," dada akamwambia, anampita. "Wewe uko nyuma yangu."