Malalamiko Kuhusu Albamu ya Roki Iliyorekodiwa Katika Chumba Changu cha Kushonea

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani, msomaji wako wa siku nyingi, na sina kawaida ya kulalamika. Waulize majirani, isipokuwa yule wa mlango wa pili.

Wiki iliyopita mliisifu albamu ya muziki wa roki, ule mzito wa kutikisa mabati. Albamu hiyo ni ya mdogo wangu wa kiume. Kazi yake halisi ni kupiga gitaa katika bendi ya harusi, zile nyimbo laini za kumwingiza bibi harusi ukumbini. Roki ni bendi yake ya pembeni, yeye na nesi mmoja anayepiga besi, na fundi friji anayezipiga ngoma kana kwamba zimemtukania mama yake. Walirekodi katika chumba changu cha kushonea, ati vitambaa vinameza mwangwi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Cherehani yangu ilitembea. Wimbo wa kwanza ulipoanza ilikuwa ukutani; ulipokwisha ilikuwa mlangoni. Nilikuwa naishona suruali ya mwalimu mkuu. Sasa inambana mahali ambapo, kwa heshima ya gazeti lako, sitapataja.

2. Mwandishi wako alisifu "kilio cha mwanamke aliyechoshwa na dunia" katika wimbo wa tatu. Mwanamke huyo ni mimi. Nilikuwa nawaambia wazime dude lao kabla sijazikata nyaya kwa mkasi. Mdogo wangu akaniambia kwa upole kwamba sauti ile siwezi kuirudia hata nikibembelezwa. Nikairudia hapo hapo. Nayo wameiweka, wimbo wa tano.

3. Wateja sasa wanataka niwafokee. Jana dada mmoja alirudisha gauni lisilo na kasoro yoyote, akidai nilimpima kimyakimya.

4. Harusini Jumamosi, vidole vya mdogo wangu vilijisahau, vikapiga roki. Bibi harusi aliingia ukumbini mbio, akampita bwana harusi, akaishia jikoni. Bendi imemsimamisha kazi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mama yetu masikio yamezeeka, na tangu baba afariki alikuwa anakaa ameutazama ukuta, hasemi na mtu. Siku hizi anaegemeza mgongo kwenye spika. Anasema mwanawe alikuwa ananong'ona miaka yote, na sasa ndiyo kwanza anamsikia. Amerudi kula, amerudi kucheka, na amerudi kunikosoa: chumvi, nywele, wachumba. Nilikuwa nimeshazoea amani.

Kwa hiyo naomba mfute sifa zenu, na serikali ipige marufuku mwanamuziki yeyote kuanzisha bendi ya pembeni bila idhini ya dada yake mkubwa, kwa maandishi.

Nisalimie wapiga chapa, mlinzi wa getini, na huyo mwandishi wako mwenye masikio ya chuma.

Wako katika kufokeshwa,
Fundi Cherehani (dada mtu)

Nyongeza: Nesi amehamishiwa kituo cha mbali, kwa hiyo tunatafuta mpiga besi. Mazoezi ni kwangu, Jumapili mchana. Aje na waya wake, na asiwe mtu wa kupunguza sauti, mama hapendi. Tangazo hili liwekeni kwa herufi kubwa. Nafasi ikiwa finyu, barua iacheni.