Chai ya Fundi Albano

Jumatatu, 1 Septemba
Kama si mimi ninayesoma hapa, tafadhali funga. Kama umeshasoma, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja, hasa Mama Kokuberwa, mwenye nyumba wangu. Mie ni karani tu. Sina pengine pa kulala.

Leo paa la chumba changu limefumuliwa. Nilimwamkia Mama shikamoo mara mbili kwa woga, nikauliza habari ya kodi. Akasema yeye si katili: fundi akiwa bado kazini, silipi. Siku atakayomaliza, nimpelekee ya miezi sita, yote kwa mkupuo, au nihame.

Nikasema ahsante, Mama. Sikusema kuwa kodi hiyo nilishanunulia sofa kule Keko. La kijani. La watu watatu. Naishi peke yangu!

Jumanne, 2 Septemba
Fundi anaitwa Albano. Mpole. Talha, mpangaji wa chumba cha pili, anasema nisihofu: huyo keshapewa pesa ya kuanzia, hatutamwona tena mpaka Krismasi. Nitulie tu, braza.

Talha hana akili ya mipango. Mtu akishiba huwa mzito. Mtu mzito hapandi juu ya paa. Nitamlisha.

Alhamisi, 4 Septemba
Chai ya tangawizi, chapati, maharage ya nazi. Albano alikula taratibu, akajinyoosha kwenye sofa langu, akalala. Ushindi!

Ofisini bosi aliuliza kwa nini tai yangu ina unga.

Jumamosi, 6 Septemba
Jambo la ajabu. Albano kafika alfajiri. Anasema tangu aanze ufundi hajapata nyumba yenye chai kama hii. Alikuwa na kazi nyingine Boko, kaiacha. Wale hata maji ya kunywa hawampi. Kaja na mwenzake, naye aonje. Wako juu, wanaimba. Nyundo mbili!

Nikaongeza sambusa.

Jumapili, 7 Septemba
Nilificha misumari ndani ya mto wa sofa. Albano alipoikosa, akanunua mingine kwa hela yake. Eti hawezi kuacha mtu mwema kama mimi alale chini ya turubai. Nikalia kidogo. Akadhani ni shukrani.

Jumanne, 9 Septemba
Paa limekwisha. Talha anasema tangu azaliwe Temeke hajaona fundi akimaliza kabla ya siku aliyoahidi. Akanipa mkono: "Pole, mama ntilie."

Mama Kokuberwa akaja kukagua. Akatazama bati, akatazama sofa. Akakaa. Akaruka! Misumari. Kwa hofu nikaeleza yote, hata yale ambayo hakuuliza.

Akachomoa msumari ulionasa kwenye khanga yake. Kisha akaamua: sofa analichukua yeye, ni kodi ya miezi mitatu. Ya miezi mitatu iliyobaki nitalipa siku choo cha uani kitakapokwisha kukarabatiwa. Nisipolipa, nje. Kinabomolewa kesho.

Fundi wa choo ni Ansbert. Talha anaapa kuwa huyo hamalizagi kazi. Nisimguse, nisimsalimie, nitakaa bure hadi mwakani. Talha haelewi kitu. Kosa lilikuwa chapati. Chapati ni nyepesi mno. Nimeulizia: Ansbert anapenda pilau. Mchele nimeshanunua.

Ukinihitaji usipige simu, Mama anasikia. Pita nyuma, panapobomolewa choo, fuata harufu ya vitunguu, gonga sufuria mara moja. Ukiweza, njoo na iliki.