Kilo za Asilimia Mia

"Daraja likijengwa na mwanafunzi wangu, mimi napita nimefumba macho."

Aliyasema mwenyewe hayo, siku ya mahafali, mbele ya wazazi na mkuu wa chuo, kipaza sauti kakishika utadhani anataka kukitafuna. Alikuwa mhadhiri wa uhandisi, na wanafunzi walimwita Asilimia Mia. Kila mwisho wa muhula, idara ilipouliza wanafunzi wametoka na ujuzi gani, yeye alijibu namba hiyo hiyo. Hesabu za mzigo: asilimia mia. Kushirikiana kazini: asilimia mia. Kusimamia ukweli wa kitaaluma: mia, na chenji! Hata darasa lile ambalo nusu yao walikuwa wakitafuta eneo la duara kwa kubahatisha.

Siku ya siku, kamati ya ithibati, wale wanaoamua kozi iendelee au ifungwe, ikatangaza inakuja. Karatasi wameziona, walisema. Safari hii wanataka kuuona huo ujuzi ukitembea. Wakiridhika, kozi inapona, na kiti cha mkuu wa idara, kitupu tangu mwaka jana, kinapata mtu. Asilimia Mia alishakiota kiti kile mpaka akajua kinalia upande gani ukiegemea.

Akawapa wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho kazi: daraja la mbao la kuvuka mtaro ulio nyuma ya karakana. Wepesi ndio maksi. Kila ubao wa ziada unakula alama. Na wa kupita juu yake mbele ya wageni ni yeye, maana mdomo ulishaponza kichwa siku ya mahafali.

Kiongozi wa kundi alikuwa binti waliyemwita Desimali, kwa kuwa hakubali kukadiria kitu, hata urefu wa foleni. Alimuuliza mwalimu jambo moja tu: ana kilo ngapi?

"Sabini," akajibu, akivuta tumbo ndani.

Sabini ilikuwa kweli. Siku ya harusi yake. Tangu hapo alikuwa amejaliwa watoto watatu na kitambi kimoja, na aliyelelewa vizuri kuliko wote ni kitambi. Asubuhi ya ukaguzi mkewe alihangaika na vifungo vya suti mpaka akatokwa jasho.

"Baba watoto, ukikohoa na hili koti, kuna mtu atapoteza jicho."

Yeye akamlaumu dobi.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, ikiongozwa na mama mmoja mkimya, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Asilimia Mia akawazungusha karakana nzima akimwaga sifa kama bomba lililopasuka, mpaka mtaroni. Daraja lenyewe lilipendeza: jembamba, limepinda juu ya maji meusi kama nyusi iliyotindwa.

Akafumba macho. Akainua mguu.

"Samahani, mwalimu. Usipande."

Alikuwa Desimali, kasimama njiani, akimtazama si usoni bali tumboni. Akaeleza kwa adabu zote kwamba walijenga kwa kilo sabini na akiba kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo, akakadiria: mwalimu ni mia kasoro kidogo. Mzani wa kupimia vyuma chakavu uko pale mlangoni, apande mara moja tu wahakikishe.

Wenzake watatu wakavitazama viatu vyao. Mama wa kamati akavaa miwani.

Mtu mwenye akili zake angecheka, akapanda mzani, yakaisha. Lakini kupimwa kama gia mbovu, mbele ya watu waliokuja kukupa kiti? Thubutu!

"Binti yangu, hapa mhandisi ni nani?"

"Ni wewe, mwalimu. Ndiyo maana ulipotutajia kilo tuliamini."

"Nimesema sabini. Ni sabini."

"Basi mimi sisaini kwamba ni salama." Akatoa chaki mfukoni, akachora mstari kwenye ubao mmoja. "Litakatikia hapa."

Asilimia Mia akapanda. Hatua ya kwanza daraja likaguna. Ya pili likamsihi. Ya tatu likakatika, juu ya chaki penyewe, na mgombea kiti akaketi. Mtaroni! Vifungo vya koti vikafyatuka kama risasi, kimoja kikamkosakosa mjumbe wa kamati sikioni.

Wanafunzi wote wanne wakamrushia kamba ya karakana, wakaanza kumvuta. Mama wa kamati akainama, akaukagua mstari wa chaki, akainuka taratibu.

"Hesabu za mzigo nimeziona," akasema. "Kushirikiana, nakuona sasa hivi. Kusimamia ukweli ndiko kulikonifurahisha zaidi." Akauinamia mtaro. "Hongera, mwalimu. Kweli ni asilimia mia."

Kozi ikapona. Kiti akapewa mhadhiri wa umeme, mwembamba kama waya wake.

Jioni mkewe alitaka asimuliwe kisa mara mbili, apate kucheka mara mbili. Halafu akaenda dukani, akarudi na mzani wa bafuni, akauweka mlangoni mwa chumba cha kulala, pale ambapo huwezi kuingia bila kuukanyaga.

Bei ya ukweli: shilingi elfu thelathini na mbili.