Mtaalamu wa Mifugo kutoka Etobicoke

Jumatatu, 6 Oktoba 2014

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja. Ijumaa atateuliwa mkufunzi msaidizi wa kudumu, nami nataka pawepo kumbukumbu sahihi ya jinsi nilivyostahili. Nisipoteuliwa, mkataba wangu wa miezi mitatu unakwisha na ninarudi kiwanda cha mikate. Nina shahada ya usimamizi wa maafa. Mikate haikuwahi kuiulizia.

Kituo chetu huwafundisha askari wa zimamoto kuokoa farasi na mifugo: trela limepinduka, zizi linaungua, ng'ombe amezama topeni. Kutoka Etobicoke, ninakoishi huku ughaibuni, ni mabasi matatu, na la mwisho huchelewa. Nilifika nimechoka.

Mshindani ni mmoja: Candide, Mkongomani wa Uvira, anayetunza wazee makaoni na kuja hapa siku zake za mapumziko. Hana shahada yoyote.

Mkuu wetu, Dkt. Mohamedraza, daktari wa mifugo, mzaliwa wa Tanga na mkazi wa Thornhill, aliuliza nani amewahi kushika mnyama aliye hai. Nikasimama. Nikaeleza kwamba nina uzoefu wa kila mwaka tangu utotoni. Si uongo. Kila Desemba tulikwenda Moshi, na mimi ndiye niliyeshika miguu ya mbuzi wa Krismasi. Sikuona sababu ya kumchosha daktari kwa habari za Krismasi.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Farasi wa mpira, kilo mia tatu, amelala ndani ya trela lililolazwa ubavu. Kanuni: mikanda mipana huzungushwa kiwiliwilini, shingo, mkia na miguu havivutwi kamwe.

Nilikuwa nimeandaa slaidi arobaini na moja kuhusu kanuni hiyo. Kwenye slaidi ya sita kompyuta ililowa ikazimika. Askari walikuwa wameshakwenda kunywa kahawa tangu ya tatu.

Waliporudi, Candide alikunja turubai nusu, akalisukumia chini ya farasi, akamviringisha kidogo huku, kidogo kule, akamtoa kwa nguvu za watu sita. Alisema ndivyo wanavyowahamisha bibi wazito kitandani, na kwamba bibi hulalamika zaidi. Askari walicheka, wakaomba arudie. Nilitamka mbele ya wote kwamba mbinu hiyo haina rejea ya kitaaluma. Dkt. Mohamedraza alinitazama kwa muda mrefu.

Nadhani alivutiwa. Soksi hazijakauka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya. Niiandike kwa utaratibu.

Jaribio la mwisho: kondoo hai ndani ya trela lenye moshi bandia. Mtahiniwa amtulize na kumtoa nje. Niliomba kutangulia, na Candide awe msaidizi wangu, ili kila mtu aone nani anaongoza nani.

Moshi ulikuwa mwingi. Kondoo alinijia mbio. Akili ikaondoka, mikono ikabaki, na mikono inajua jambo moja tu. Nilimwangusha ubavu wa kushoto. Nikamfunga miguu mitatu kwa kamba. Nikapiga goti, nikanyoosha shingo yake, nikamwelekeza Kibla, kama alivyotuelekeza sikuzote Mzee Almas, jirani aliyetuchinjia ili wageni wote, Wakristo kwa Waislamu, waweze kula.

Moshi ukapungua. Dkt. Mohamedraza akainama akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu:

“Kijana, unamwokoa au unamchinja?”

Nilijikuta nakaza fundo la kamba.

“Na Kibla ya hapa ni kule,” akaongeza, akionyesha upande wa barabara.

“Kaka Ombeni, umulegeze kwanza,” akasema Candide. “Ameshaanza kusali huyu.”

Askari waliomba tafsiri. Daktari, kwa huruma, aliwaambia nilikuwa nikiulizia hali ya hewa. Candide alimfungua kondoo, akamshika kidevu kwa mkono mmoja na nyonga kwa mwingine, wakatoka pamoja kama watu watokao kanisani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ameteuliwa Candide. Hotuba yake ilikuwa na sentensi mbili. Nilihesabu.

Daktari aliniita ofisini. Hakupandisha sauti. Ni afadhali angepandisha.

“Ungeniambia hujui, ningekufundisha. Wote hawa walikuja hawajui.”

Nilisema nimemwelewa. Mlangoni nilimkuta Candide akinisubiri. Alikuwa amemwomba daktari mtu wa kuosha mikanda na farasi wa mpira kwa miezi miwili, na daktari amekubali, mradi mtu huyo, yaani mimi, afanye kazi chini yake. Mikate itangoja. Kazi hiyo nimekwisha kuiita Idara ya Vifaa.

Kisha akaniuliza, kwa upole wa kweli, kama ninawajua nguruwe, maana kozi ijayo ni ya nguruwe na daktari amesema hilo anatuachia sisi. Angeweza kunifundisha, alisema, nisione haya.

Nilifikiri kidogo. Nikakumbuka kila Ijumaa pale Sinza, sahani ya kitimoto, yaani nguruwe wa kukaanga, ndizi za kuchoma, pilipili pembeni. Nikamjibu kwamba nimekuwa karibu na nguruwe kwa miaka mingi, nikiwa na wataalamu.

Alifurahi sana. Jumatatu ni sikukuu, kwa hiyo tumepanga Jumanne tarehe 14. Kuna jike la kilo mia mbili na arobaini, lina watoto wachanga na halipendi wageni. Nitaingia zizini peke yangu, wengine wakitazama. Saa tatu kamili asubuhi.