Wanne wa Jina Moja

Jumatatu, 4 Machi
Kiwanda kizima cha magodoro, tupo wanne wenye jina moja. Mrefu wa cherehani, Miwani wa stoo, Mzee Dereva. Na mimi, wa Chooni! Kisa? Meza yangu inatazamana na mlango wa choo. Leo mama wa mchumba wangu kapiga simu kuniulizia. Dada wa mapokezi akamwuliza anamtaka yupi, wa Chooni? Mama akakata simu. Ijumaa anakuja mwenyewe kuona bintiye anaolewa na nani. Maji yamenifika shingoni.

Jumanne, 5 Machi
Wazo! Jina libaki kwa mmoja, mwenye asili nalo. Nimebandika tangazo ubaoni: jina letu maana yake ni mlinda ghala la mfalme, na wa kwanza kuitwa hivyo ni babu wa babu yangu. Nimelitunga lote mwenyewe. Limekaa vizuri hadi nimeliamini. Miwani kalisoma, akadai ghala ndiyo stoo, basi jina ni lake. Mshenzi!

Alhamisi, 7 Machi
Meneja kachoka kuita mmoja wakaja wanne. Kaamua kila mtu alete shahidi kesho, mshindi abaki na jina. Namleta shangazi. Nimemkaririsha habari za ghala mara tano. Anaitikia vizuri mno.

Ijumaa, 8 Machi
Shangazi kasimama, mama mchumba yuko kiti cha mbele. Ghala kalisahau! Kaeleza jinsi mama yangu alivyoshikwa na uchungu njiani, dereva wa lori akampakia nyuma, nikazaliwa juu ya godoro jipya. Nikapewa jina la dereva kwa shukrani. Halafu akamkodolea macho Mzee Dereva, akapiga kelele kwamba si ndiye huyu! Mzee akanikumbatia huku analia. Lile godoro alilisugua siku mbili, kasema. Meneja akampa Mzee jina. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 9 Machi
Ajabu, mama mchumba amekubali posa. Kasema aliyezaliwa juu ya godoro la kiwanda hafukuzwi kazi. Sasa wote wananiita Godoro, mama mkwe kaanza. Mzee, wajina wangu, kanishauri nitulie, uongo haukunisaidia kitu. Nimemwitikia kwa heshima zote.
Kumbe mwezi Desemba anastaafu. Jina litabaki halina mwenyewe! Tangazo jipya liko tayari. Safari hii babu hakulinda ghala, alikuwa mfalme mwenyewe.