Kiatu cha Mhandisi na Magunia Kumi na Manne

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Mkutano wa kupanga mradi wa taifa wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Eneo letu litaingiza kijito kimoja tu. Mhandisi, binti mpole mwenye viatu vyeupe, alieleza masharti kwa kirefu. Niliwapisha kina mama viti vyote, nikaishia kibarazani, nikasikia nusu. Haidhuru! Kijito kitakachochaguliwa kitaandikwa kwa jina kwenye ramani ya nchi. Changu hakina jina. Marehemu mke wangu ndiye aliyepanda miti yote ya pale. Naomba radhi kwa tamaa yangu, lakini nataka jina lake lisomwe na taifa zima.

Shemeji, kaka yake marehemu, anapigania kijito cha upande wake wa kilima. Anataka kiitwe kwa jina lake mwenyewe, naye bado yu hai! Alisema changu kinachuruzika kama pua ya mwenye mafua. Nilimshukuru kwa maoni yake.

Jumanne, tarehe 7 Mei
Wazo! Nimejaza udongo magunia kumi na manne, nikaziba kijito huko juu. Alhamisi, mhandisi akifika, nitavuta kamba niliyoyafungia, maji yashuke kwa ngurumo. Kiuno kinaniuma. Mkwe wangu aliuliza magunia yake ya maharage yako wapi. Nikamjibu kwamba yamo katika utumishi wa taifa. Akasema taifa liyarudishe yakiwa yamefuliwa.

Alhamisi, tarehe 9 Mei
Nikavuta. Ngurumo kweli! Maji yalimfika mhandisi magotini, yakaondoka na kiatu chake cha kushoto. Niliomba radhi mara sita. Akachechemea hadi kwenye jiwe, akaandika kwamba kijito kina nguvu, hakihitaji msaada. Kumbe mradi unatafuta vijito vinavyokauka! Ile nusu niliyoikosa! Kimechaguliwa cha shemeji. Alicheka mpaka akaketi chini, akasema dada yake alinivumilia miaka thelathini na minane, na leo ndipo yeye alipoelewa ukubwa wa kazi ile.

Ijumaa, tarehe 10 Mei
Kiatu kimepatikana kwenye matete. Nimekifuta, nikakipeleka ofisini kwao pamoja na barua ya radhi, kurasa tatu, nikiungama magunia yote.

Jumatatu, tarehe 13 Mei
Mhandisi amerudi! Barua mkononi, viatu vyote viwili miguuni. Alipanda moja kwa moja hadi kwenye magunia. Matano yalikwenda na maji. Tisa bado yamesimama, na udongo wa kandokando umelowa, majani yamechipua. Akasema kuyazuia maji hivi, ardhi iyanywe polepole, ndiyo kazi hasa aliyotaka kuifundisha huku. Akauliza kijito hutiririka vipi siku za kawaida. Nikakiri: kama pua ya mwenye mafua.

Hapo shemeji, ajabu! Akasema vijito vyote viwili vinaingia mto mmoja chini ya kilima, basi viandikwe kama bonde moja, kwa jina la dada yake. Akapenga kamasi, akasingizia vumbi. Mhandisi akaliandika kwa herufi kubwa. Nililisoma mara nyingi kupita adabu.

Jumanne, tarehe 14 Mei
Nimejirudi. Hila hazina faida, sitarudia kamwe.

Mwezi ujao waziri anakuja kuzindua mradi. Kijito kinanong'ona tu. Hiyo si heshima kwa jina lile. Nimemwomba shemeji magunia ishirini. Amekubali, ilimradi yeye ndiye atakayevuta kamba. Barua ya kumwomba waziri radhi nimekwisha kuiandika. Nimeacha nafasi ya kujaza ni kiatu gani.